Mita ni ya Nani? Vibao vya Barabarani, Jiometri na Historia ya Kupimwa Uluguru

Barabara inayoachana na mji wa Morogoro pale Bigwa huzunguka miguu ya milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, ikapita Kiroka, ikafika Mkuyuni, kisha ikaendelea Matombo, Mvuha na hatimaye Kisaki. Jina la Mkuyuni linajieleza lenyewe: ni mahali penye mkuyu. Matombo, kwa Kiluguru, ni matiti, na jina hilo limetokana na umbo la mawe ya huko. Waliotoa majina haya hawakuwa na ramani wala rula. Walitazama nchi, wakasoma maumbo yake, wakayapa majina ambayo kila mpita njia angeweza kuyathibitisha kwa macho yake.

Leo mtoto anayetembea kando ya barabara ya namna hii kwenda shule huyakuta maumbo mengine yamesimamishwa juu ya nguzo: pembetatu yenye ukingo mwekundu, duara, mstatili, na mara chache pembenane. Akifika darasani huyakuta maumbo yaleyale ubaoni, yamechorwa kwa chaki, yakiwa hayana nguzo, hayana barabara, hayana kazi. Mwalimu husema, "Hii ni pembetatu." Darasa hujibu kwa pamoja, "Pembetatu." Kengele hulia, na mtoto hurudi nyumbani kwa barabara ileile bila kuambiwa kwamba alichokiimba na anachokipita ni kitu kimoja.

Katika makala haya natetea jambo dogo na jambo kubwa. Dogo ni kwamba vibao vya barabarani vinafaa sana kufundishia msingi wa jiometri na vipimo. Kubwa ni kwamba katika nchi yetu, na Uluguru hasa, kupima kuna historia ya kisiasa. Asiyeijua historia hiyo atadhani kwamba somo la vipimo ni suala la mtihani tu.

Mwili kama rula

Kabla ya mita kulikuwa na mwili. Waswahili wa pwani, na wafanyabiashara waliopanda bara kwa misafara, walipima kitambaa na kamba kwa shibiri, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kwa mkono au dhiraa, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Na kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Mfumo huu ulikuwa na udhaifu wake: mkono wa muuzaji haukuwa lazima ulingane na mkono wa mnunuzi, na ugomvi wa sokoni ulikuwa sehemu ya biashara. Lakini ulikuwa na sifa moja tusiyoithamini vya kutosha. Kila mtu alizaliwa na kipimo chake, na hakuna aliyehitaji kibali cha mtu mwingine ili apime.

Jiometri nayo haikusubiri shule. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi, aliandika juu ya wakulima wa nchi hiyo wanavyoweka msingi wa nyumba ya pembe nne. Huchukua kamba mbili za urefu sawa, huzifunga pamoja katikati, kisha huzivuta zikae kama msalaba uliolala. Ncha nne za kamba hizo ni pembe nne za mstatili kamili. Ndani ya tendo hilo imo kanuni ambayo vitabu vyetu huiandika kwa lugha ya ukali: pembenne ambayo milalo yake ni sawa na inakatana katikati ni mstatili. Fundi huyo hajaisoma kanuni, ila anaikaa ndani yake pamoja na familia yake.

Fundi wetu wa ujenzi naye hana tofauti. Anapotaka pembe mraba hupima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na huhakikisha ulalo unakuja 100. Hiyo ni "tatu, nne, tano" ya mafundi, na ndiyo kanuni ya Pythagoras. Shule inayomfundisha mtoto wa fundi kwamba kanuni hiyo ni kitu kigeni na kigumu inamdanganya mtoto huyo kuhusu baba yake.

Kipimo kilichoshuka kutoka juu

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1907 ilifika Morogoro. Upana baina ya reli mbili za chuma ulikuwa mita moja kamili, ndiyo maana mpaka leo huitwa reli ya mita. Inawezekana kabisa kwamba kwa wengi wa Morogoro mita ya kwanza waliyoiona kwa macho ilikuwa imelazwa chini kwa chuma, nayo ilikuwa mali ya serikali. Baadaye Waingereza walikuja na futi, yadi na maili zao, na baada ya uhuru, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, tukarudi kwenye mita na kilo. Katika maisha ya mtu mmoja, kipimo rasmi cha nchi kilibadilika mara mbili au tatu, na hakuna aliyemuuliza mkulima.

Tukio ambalo Waluguru hawajalisahau lilikuja katika miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni, ikihofia mmomonyoko wa udongo katika milima ambayo maji yake hulisha mto Ruvu, ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Moyo wa mpango huo ulikuwa matuta ya ngazi. Mabwana shamba walipita mabondeni na miinukoni wakipima usawa na kuweka vigingi, na wenye mashamba wakatakiwa kuchimba kufuata mistari hiyo. Kwa jiometri ya karatasini hoja ilikuwa safi: maji hukimbia kwenye mteremko na hutulia kwenye usawa, basi ugeuze mteremko uwe ngazi, na udongo utabaki.

Tatizo ni kwamba mlima si karatasi. Katika sehemu nyingi za mashariki ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi, unaufukia udongo huo na kuuleta juu ule usiozaa. Mvua ni nyingi, na ngazi iliyotuamisha maji kwenye mteremko mkali inaweza kuporomoka. Wakulima waliyaona haya, wakayasema, na hawakusikilizwa. Kulikuwa na kazi ngumu isiyolipwa, kulikuwa na faini, na kulikuwa na shaka ya kisiasa: anayepima ardhi yako leo atafanya nini nayo kesho? Mwezi Julai 1955 hasira hiyo ililipuka Matombo. Polisi walitumia silaha, mtu akauawa, na muda mfupi baadaye mpango wa kulazimisha matuta ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata katika milima hii somo la bure kuhusu kina cha manung'uniko ya wakulima.

Wasomi wengine husimulia kisa hiki kama upinzani wa wanakijiji dhidi ya sayansi. Mimi nakisoma vingine. Waluguru hawakukataa kupima, kwani katika upande wa Mgeta wakulima waliendelea kulima mboga kwenye ngazi pale walipoona faida yake. Walichokataa ni kupimiwa. Kipimo kilikuwa cha mmoja, jembe lilikuwa la mwingine, na hapakuwa na lugha ya pamoja ambayo kwayo mwenye jembe angeweza kumwambia mwenye kipimo: "Hesabu yako ina kosa, na kosa lenyewe liko hapa."

Kwa nini pembetatu, kwa nini duara

Vibao vya barabarani navyo vina historia yao ya mikutano. Mwaka 1909, magari yalipokuwa bado ni michezo ya matajiri wa Ulaya, mataifa kadhaa yalikutana Paris na kukubaliana alama nne tu za tahadhari: tuta, kona, njia panda na makutano ya barabara na reli. Mwaka 1923 wahandisi wa barabara katika majimbo kadhaa ya Marekani walipendekeza jambo la kijiometri moja kwa moja: kadiri umbo linavyokuwa na pande nyingi, ndivyo hatari iwe kubwa. Mstatili, wenye pande nne, utoe habari. Pembenane iamuru kusimama. Duara, ambalo unaweza kulifikiria kama umbo la pande zisizohesabika, liwe la makutano ya reli. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1931 ulichukua njia nyingine na kupanga maumbo kwa kazi: pembetatu kwa hatari, duara kwa makatazo na amri, mstatili kwa maelezo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 uliunganisha sehemu kubwa ya mila hizi, na pembenane ya Kimarekani ikapata nafasi katika mfumo wa kimataifa. Tanzania, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, inatumia mfumo unaofanana na huo.

Sababu ya kuchagua maumbo ni ya kidemokrasia, ingawa waliochagua huenda hawakuifikiria hivyo. Umbo husomwa na asiyejua kusoma. Husomwa gizani na kwenye vumbi, wakati rangi imefifia. Pembenane na pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini hutambulika hata zikitazamwa kwa nyuma, kiasi kwamba dereva anayetoka upande mwingine hujua ni nani anayepaswa kusimama. Mtoto akielewa hili ameelewa kwamba jiometri ni lugha. Watu waliketi na kukubaliana maana zake, kama walivyokubaliana maana za maneno.

Somo lenyewe

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake. Mwaka huohuo Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Tunu tuliyoipata hapo ni kubwa kuliko tunavyokiri. Pembetatu, pembenane, mstatili, ulalo, kipenyo: maneno haya yanajieleza. Mtoto anayesikia "pembetatu" amekwisha kupewa fasili. Lakini tulilipa jambo jipya jina zuri tukaliacha ubaoni. Shamba la shule likawa ndilo tafsiri nzima ya kujitegemea, na Hisabati ikabaki wimbo wa kukariri. Hatupaswi kushangaa kwamba kwa miaka mingi ufaulu wa Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne umekuwa nyuma ya masomo mengine.

Tuchukue darasa la tano au la sita katika shule yoyote iliyo kando ya barabara ya Bigwa hadi Kisaki. Vifaa ni kamba, boksi la katoni, mkasi na penseli.

Jambo la kwanza ni kutengeneza pembenane. Kata mraba wa sentimita 60 kila upande. Chora milalo miwili. Nusu ya ulalo ni takriban sentimita 42.4. Shika kamba ya urefu huo kwenye kila pembe ya mraba na utie alama pande zote mbili zinazokutana hapo. Utapata alama nane. Ziunganishe na ukate pembe nne zilizobaki nje. Kila pande iliyobaki itakuwa kama sentimita 24.9, zote nane zikiwa sawa. Mwambie mwanafunzi azipime mwenyewe, asikuamini. Kisha aulizwe: kila pembe ya ndani ina nyuzi ngapi? Akiigawa pembenane katika pembetatu sita kutoka kwenye ncha moja, atapata 6 mara 180, yaani nyuzi 1,080, na akigawa kwa 8 atapata 135.

Jambo la pili ni mteremko. Kibao kinachosema asilimia 10 kinasema kwamba kwa kila mita 100 za usawa barabara hupanda au kushuka mita 10. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukijazwa maji kama wafanyavyo mafundi, huonyesha usawa wa ncha mbili zilizo mbali. Kwa mpira huo na fimbo yenye alama za sentimita, wanafunzi wanaweza kupima mteremko wa njia ya kwenda mtoni na kuulinganisha na wa barabara. Hapohapo mwalimu asimulie habari za 1955, kwa kuwa hiyo ndiyo hesabu iliyopigwa juu ya mashamba ya babu zao, na sasa wanayo mikononi.

Jambo la tatu ni mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kilomita 50 ni mita 50,000, na saa ni sekunde 3,600. Basi gari hukata karibu mita 13.9 kila sekunde. Mtoto anayevuka barabara ya upana wa mita 6.5 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde 6.5. Katika muda huo gari limekwenda mita 90. Kama dereva anakimbia kilomita 80 kwa saa, limekwenda zaidi ya mita 144. Sasa wanafunzi wasimame kando, mbali na njia ya magari, wakiwa na mwalimu, wapime kwa kamba: kutoka mahali wanapovukia hadi kona ya kwanza ni mita ngapi? Ikiwa ni 60, hesabu imekwisha kusema kwamba mahali hapo hapafai kuvukia, au kwamba panahitaji kibao na tuta. Darasa limezalisha hoja ambayo inaweza kupelekwa kwenye serikali ya kijiji ikiwa na namba ndani yake.

Mita saba na nusu

Nimefika kwenye jambo kubwa. Barabara hii imesubiri lami kwa miaka mingi, na kila kwenye matumaini ya lami kuna hofu ya alama ya X. Kila Mtanzania anaijua: X nyekundu ukutani maana yake nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara na itaondoka bila fidia, X ya kijani maana yake itaondoka kwa fidia. Tofauti ya rangi hizo mbili, mara nyingi, ni tofauti ya mita chache na ya tarehe. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaipanua kufikia mita 30. Katikati ya namba hizo kuna ukanda wa mita 7.5. Mwenye nyumba aliyekuwamo humo kihalali kabla ya upanuzi anayo hoja ya fidia. Aliye ndani ya zile 22.5 hoja yake ni nyembamba sana.

Mita saba na nusu ni upana wa vyumba viwili. Ni maisha ya mjane, ni duka la kijana, ni kaburi la babu. Je, wangapi kati yetu wanaweza kusimama mbele ya mpimaji na kumwuliza, "Katikati ya barabara umepachukulia wapi? Barabara ilipohamishwa na mvua ikasogea kulia, wewe umepimia ya zamani au ya sasa?" Mwaka 2017, kwenye Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, watu walivunjiwa nyumba katikati ya mabishano juu ya hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Sina nia ya kuamua mabishano hayo hapa. Nasema tu kwamba yalikuwa mabishano ya rula na ya sheria, na kwamba raia wengi waliingia humo wakiwa na machozi bila kuwa na kamba ya kupimia.

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya asinielewe vibaya. Raia anayejua kupima hamwongezei mpimaji kazi. Anampunguzia ugomvi, kwa sababu wawili wanaokubaliana juu ya kipimo wanaweza kutofautiana kwa amani. Matombo 1955 ilitokea pale ambapo upande mmoja tu ndio ulioweza kusoma kipimo.

Pingamizi mbili

Walimu wataniambia kwamba barabara ni hatari na darasa lina wanafunzi wengi mno. Ni kweli. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo ifanyike uwanjani, kwa vibao vya katoni, na barabara ichorwe kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira. Kwenda barabarani kwenyewe kuwe kwa makundi madogo na kwa idhini ya wazazi. Wengine wataniambia kwamba vijijini vibao ni vichache, na vingine huibwa vikawa vyuma chakavu au bati la jikoni. Nalo ni kweli, na ndilo somo zuri kuliko yote. Mahali palipopaswa kuwa na pembetatu na haipo ni swali la hisabati na la uraia kwa wakati mmoja. Mwanafunzi achore ramani ya kijiji chake, atie alama pale kibao kinapohitajika, aandike sababu na umbali.

Wazee waliopaita mahali Mkuyuni waliweka alama ambayo kila mtu aliweza kuisoma na kuithibitisha. Tumekwenda mbali tangu wakati huo: tumepata reli ya mita, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikifika Morogoro juu ya reli pana ya milimita 1,435. Kipimo kimekua. Kilichobaki ni kukigawa kwa haki, na kazi hiyo inaweza kuanza kesho asubuhi kwa kamba, mkasi na boksi la katoni.